Rangi Aliyoitaja Kinanda

Kinanda halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu mdomo wake ukishafunguka haukosi wimbo. Uliingia katika duka la pikipiki alikouza kujikinga na mvua tu, ukatoka unasukuma pikipiki mpya na hujui imekuwaje. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata sabuni, na kicheko chake kilimfikia mteja kabla ya salamu. Mtaa mzima ulimjua kuwa mtu asiye na wasiwasi. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba mume wake alikuwa mwoga, na alijua anaogopa nini.

Aliogopa rangi.

Macho yake hayakuwa mabovu. Aliweza kutia uzi kwenye sindano bila miwani. Ila nyekundu na kijani, tangu azaliwe, kwake zilikuwa kitu kimoja. Nyanya mbivu aliijua kwa kuiminya. Taa za barabarani alizijua kwa mahali zilipo: ya juu simama, ya chini nenda. Alipokuwa mdogo mwalimu aliwaambia wachore mti, naye akachora mti mzuri sana wenye majani mekundu kama damu. Mwalimu akaiinua ile karatasi darasa zima waione, kisha akamchapa kwa kuleta mzaha. Mtoto wa watu hakuwa ameleta mzaha wowote. Fimbo aliisahau, vicheko hakuvisahau. Tangu hapo akajifunza kuongea sana ili asiulizwe, na akawa hodari wa kuongea.

Mkewe aligundua wiki ya kwanza ya ndoa. Alimtuma taulo jekundu, akaletewa la kijani. Akamrudisha, akaletewa lile lile. Alicheka hadi alipouona uso wa mumewe, na hapo kicheko kikamkauka. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempangia mashati kabatini, na siri ile hakuitoa nje ya mlango.

Kwa miaka mingi kazi haikumsumbua. Pikipiki zilikuja kutoka kiwandani kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Nyeusi aliijua. Iliyobaki, bila shaka, ilikuwa nyekundu.

Kisha asubuhi moja tajiri aliwaita wafanyakazi wote mbele ya duka. Tajiri wao alikuwa mama mjane, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu waliitii kuliko kelele.

“Jana nimepita maegesho ya sokoni,” alisema. “Pikipiki zote sare, utadhani zinakwenda gwaride. Mtu anahangaika na ufunguo kwenye pikipiki ya mwenzake. Sasa kuanzia leo, anayenunua kwangu anachagua rangi mwenyewe. Tangi rangi yake, ubavu rangi yake, madigadi ya kukinga tope rangi yake. Akitaka ya waridi, apewe ya waridi.”

Fundi rangi alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa mwanamke mkimya aliyerithi kazi kwa baba yake, kope zake daima zina vumbi la rangi. Alileta ubao mpana aliougonga misumari, na kwenye kila msumari kumening'inia kibati kidogo kilichopulizwa rangi yake na kung'arishwa kwa vanishi. Ukutani pale ubao ulipendeza, kila mtu akausogelea.

“Na nani atasimama hapa na wateja?” aliuliza fundi.

Tajiri akacheka. “Hilo nalo la kuuliza? Si tuna Kinanda?”

Wenzake wakapiga makofi. Kinanda naye akacheka, akainama kama mwimbaji aliyemaliza wimbo, lakini mkono mmoja ulikuwa nyuma umeshika kiti.

Siku ile ile aliazima simu ya mwenzake akampigia mkewe, naye akapita dukani, eti kumletea simu aliyoisahau nyumbani. Wenzake walipokwenda kula, wakasimama wawili mbele ya ule ubao, naye akamnong'oneza majina kutoka kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, huku Kinanda akiyarudia chini kwa chini kama mtoto anayefundishwa kuhesabu. Safu ya chini ilimtoa jasho zaidi. Huko kulikuwa na damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, na pembeni yake kijani cha giza. Alivikodolea macho vile vibati viwili mpaka machozi yakamlenga. Havikuwa na tofauti hata ya dawa.

“Cha kushoto damu ya mzee,” mkewe alimwambia. “Cha kulia kijani. Visiondoke mahali pake tu.”

“Na vikiondoka?”

“Basi wewe ongea, mume wangu. Hiyo ndiyo kazi yako.”

Akaongea. Alipiga marufuku mtu yeyote kugusa vibati, akawaambia wafagiaji kwamba mafuta ya vidole yanaharibu vanishi. Mteja akija, hakumtajia rangi. Alimwambia, “Bwana mkubwa, usinitajie kwanza. Niambie unataka watu waseme nini ukipita.” Mteja anacheka, anafikiri, halafu mwenyewe ananyoosha kidole na kutaja: “Nataka hii ya chungwa.” Naye Kinanda anapaza sauti kuelekea uani, “Fundi, chungwa hilo, liive!” Watu wakaona ni mbwembwe za biashara. Mkunga akachukua ya waridi, akasema watoto wote wa mtaa watamjua. Mwalimu mstaafu akachukua buluu ya bahari. Duka likajaa, na sifa zikamwendea Kinanda. Kadiri sifa zilivyozidi ndivyo alivyozidi kukonda. Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, alitupia jicho safu ya chini kuona kama kuna aliyeigusa.

Miongoni mwa wote walionunua, wawili tu walitaka madigadi nyeupe, maana nyeupe kwenye tope ni kujitafutia kazi. Wa kwanza alikuwa mdogo wake tajiri, kitinda mimba wa nyumba yao, na Kitinda ndilo jina walilomwita hata baada ya kuota ndevu. Alichagua damu ya mzee na madigadi nyeupe. Wa pili alikuwa msambaza mikate, mtu mpole ambaye mkewe alikuwa amejifungua pacha, kwa hiyo akawa Baba Pacha kwa watu wote. Huyu alichagua kijani cha giza na madigadi nyeupe. Alfajiri alifunga kreti la mikate nyuma, mchana alilifungua akaliacha kwa mwokaji, akarudi nyumbani kulala.

Fundi alipomaliza ile ya pili, aliiegesha uani karibu na ya Kitinda iliyoletwa kukazwa breki. Kinanda akapita, akasimama, akazitazama zote mbili. Hangeweza kusema ipi ni ya nani hata kwa kuapishwa.

Mambo yakaharibika alasiri moja yenye jua. Kinanda alikuwa amemsindikiza mteja mpaka mlangoni. Ng'ambo ya barabara alikaa mshona viatu, mzee mcheshi aliyewatania wote wa pale dukani. Alikuwa anavuka na kiatu cha mtu mkononi. Pikipiki ikatokea kwenye kona kama imefukuzwa. Kinanda aliona madigadi nyeupe, akaona tangi la rangi nzito linang'aa juani, akamwona dereva amevaa kofia ngumu iliyofunika uso, koti limejaa upepo. Halafu kishindo. Mzee akarushwa kando, kiatu kikaenda kuangukia mtaroni. Dereva aliyumba, akageuza kichwa mara moja, akaongeza mafuta, akapotea.

Namba hakuiangalia. Alikuwa ameshakimbilia kwa mzee, amepiga magoti, amekiweka kile kichwa chenye mvi mapajani. Mguu wa mzee ulikuwa umeelekea upande usiofaa. Damu ilikuwa inatoka, na kwa macho ya Kinanda ilikuwa kama mafuta machafu ya injini yanayosambaa kwenye lami.

Watu wakajaa. Kila mmoja alisema lake.

“Ina madigadi nyeupe, nimeiona!”

“Madigadi nyeupe ziko mbili tu mji huu. Ya Kitinda na ya Baba Pacha.”

“Ilikuwa nyeusi.”

“Nyeusi wapi? Ulikuwa umegeukia huko.”

Askari wa kituo cha jirani akafika anahema. “Nani aliyeona rangi?”

Hapo mtu mmoja, na Kinanda hakujua kamwe ni nani, akasema, “Unauliza nini, afande? Muulize Kinanda. Rangi zote za mji huu anazigawa yeye.”

Kelele zikatulia. Kinanda akainua uso. Aliona miguu mingi, halafu nyuso nyingi, halafu mlango wa duka, na mlangoni tajiri amesimama amejishika kifua. Hakuna aliyekuwa anacheka, lakini masikioni mwake alisikia darasa zima.

“Haya, bwana,” alisema askari. “Ilikuwa rangi gani?”

Ulimi hauna mfupa. Wakati mwenyewe bado anatafuta la kusema, ulimi wake ulikuwa umeshasema.

“Kijani.”

Watu wakapumua pamoja. Wengine walianza kukimbia pale pale, na Kinanda hakuhitaji kuuliza wanakimbilia wapi.

Habari zilimfikia kwa vipande. Kwamba Baba Pacha alikutwa amelala kitandani na pacha mmoja kifuani. Kwamba askari walimfikia kabla ya watu, bahati yake, ila dirisha la nyumba lilikuwa limeshavunjwa kwa mawe. Kwamba alilia anasema hajatoka nyumbani tangu saa tano, na askari akamwambia ushahidi wa mke si ushahidi. Kwamba mwokaji ameshatafuta msambazaji mwingine. Mshona viatu alikuwa hospitali. Uhai wake haukuwa hatarini, lakini mguu umevunjika mahali pawili na hakumwona aliyemgonga.

Jioni Kinanda alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Alikuwa ameshasikia, maana mji mzima ulikuwa umesikia.

“Mume wangu,” alisema bila kunyanyua kichwa, “kijani uliiona kwa macho ya nani?”

Kinanda akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, mdomo ule ulikuwa mtupu.

“Walikuwa wananitazama,” akasema baadaye.

“Najua.”

“Huenda ni kweli ilikuwa kijani.”

“Huenda.”

“Nikisema sijui, wataniuliza kwa nini sijui. Kazi itakwisha. Na kusema uongo mbele ya askari ni kifungo, unajua hilo? Halafu nikisema si kijani, imebaki moja tu. Ya nani? Ya mdogo wake tajiri! Unataka niende nikamtaje mdogo wake tajiri?”

“Mimi sijasema uende popote,” mkewe alijibu, akaendelea kuchambua. Ukimya ule ulimtisha Kinanda kuliko ugomvi. Alitamani amkaripie, apate pa kujibia. Tena kulikuwa na swali jingine lililomtambalia mgongoni, ambalo mkewe hakuliuliza: kati ya rangi mbili, kwa nini ulimi uliikimbilia ile isiyomhusu tajiri? Ilikuwa bahati tu? Au ulimi ulimwona tajiri mlangoni, ukachagua? Alijihoji, akajihoji tena, asipate jibu. Mpaka leo hajalipata.

Asubuhi alifungua duka kama kawaida. Hakuwahi hata kufuta vumbi, akaingia mwanamke amebeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

“Shikamoo, kaka,” alisema Mama Pacha. “Mimi sikuja kugombana. Naja kukuuliza neno moja tu. Wewe ni mtu wa rangi, kila mtu anasema. Mimi ni mke, nikisema alikuwa amelala wananiambia ninamtetea. Sasa nakuuliza wewe uliyeona. Una hakika?”

Mtoto wa kifuani aliamka, akamkodolea Kinanda. Kinanda alishika meza ya mauzo. Aliona jinsi ilivyo rahisi kusema ndiyo. Neno fupi, na huyu mama angegeuka akaenda zake, na maisha yangerudi kama jana.

“Dada,” alisema, na sauti ikatoka nyembamba, si yake. “Rudi nyumbani. Mimi naenda kituoni sasa hivi.”

“Kufanya nini?”

“Naenda tu.”

Alitembea barabara nzima akijiambia kwamba akifika pale kwenye duka la dawa atageuka. Akalipita. Akajiambia atageuka kwenye kisima cha bomba. Akakipita hicho nacho. Kila pikipiki iliyovuma nyuma yake ilimfanya aruke pembeni. Alipofika kwenye ngazi za kituo, alipanda ameshika ukuta kama mgonjwa.

Kaunta ilikuwa na mkuu wa zamu, mtu mnene aliyekuwa anamenya chungwa kwa ukucha, pamoja na yule askari wa jana.

“Afande,” Kinanda alisema, “jana nilisema kijani. Mimi sijui kama ilikuwa kijani. Sizioni rangi. Kijani na nyekundu kwangu ni sawa.”

Mkuu wa zamu alitafuna, akameza. “Wewe si ndiye Kinanda? Wa rangi?”

“Ndiye.”

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Askari alitoa kalamu koponi moja baada ya nyingine, akamwinulia ataje rangi. “Hii?” Nyekundu. “Hii?” Nyekundu. “Na hii?” Kijani. Kwa bahati mbaya yake, kwa kubahatisha, Kinanda alipatia nyingi kuliko alizokosa. Kicheko kikaisha ghafla.

“Mbona unapatia?” aliuliza mkuu wa zamu, akaliweka chungwa chini. “Nani amekutuma?”

“Hakuna aliyenituma, afande.”

“Mke wa mtuhumiwa ameonekana dukani kwako asubuhi hii. Saa hiyo hiyo wewe unakuja hapa kufuta maneno. Amekupa nini? Au wamekutishia?”

“Wallahi sijapewa kitu.”

“Jana uliona, leo huoni. Basi ama jana ulitudanganya ama leo unatudanganya, na vyote viwili vina chumba chake huko nyuma. Kaa hapo.”

Akakalishwa kwenye benchi. Kutoka huko nyuma alisikia mtu anakohoa, akatambua kwamba ni Baba Pacha, maana mtu yule alikuwa na kikohozi cha unga. Kinanda aliinamisha kichwa. Alikuwa ameogopa maisha yake yote kwamba siku moja watu watajua haoni rangi. Sasa amewaambia kwa mdomo wake, na hawamwamini. Hofu ya namna hiyo hakuwahi kuiwaza. Nusura acheke.

Aliposimama, askari alishika rungu.

“Nipelekeni dukani,” alisema Kinanda. “Pana vibati pale. Mwambieni fundi avichanganye. Nitavipanga mbele ya watu wote. Mtaona wenyewe.”

Wakaenda. Njiani watu walidhani Kinanda amekamatwa, wakafuata, na walipofika dukani mlango ulikuwa umeziba kwa vichwa. Tajiri alitoka ofisini na kuuliza kuna nini. Askari akamweleza. Mama yule alimtazama Kinanda kana kwamba ameambiwa kwamba ni mtu mwingine aliyevaa shati lake.

“Fundi,” alisema polepole, “vishushe.”

Fundi rangi alivitoa vibati kwenye misumari, akavitia kwenye ndoo, akaitikisa. Mlio ule ulimpasua Kinanda moyo. Akavimwaga mezani.

“Tenga nyekundu zote huku, kijani zote huku,” askari aliamuru.

Kibati cha kwanza kilimponyoka Kinanda. Alikiokota. Alivigeuza mwangani, akavisogeza karibu na uso, akavinusa hata, kwa kukata tamaa. Mbele ya mtaa wake mzima, mtu aliyewauzia rangi zao zote aliweka kijani cha majani kwenye fungu la nyekundu, akaweka rangi ya tofali kwenye fungu la kijani, akatoa kimoja, akakirudisha, akakitoa tena. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akanyamazishwa. Mwisho vikabaki viwili vya rangi nzito. Kinanda alikishika kimoja mkono huu na kingine mkono huu.

“Hivi,” alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu sasa, “hivi siwezi kabisa. Jana nilichokiona ni hiki. Au hiki.”

Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja. Damu ya mzee ilikuwa mkono wa kulia, kijani cha giza mkono wa kushoto, na kila mwenye macho pale ndani alielewa. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama tajiri.

Mama yule aliingia ofisini akafunga mlango. Kinanda akajua basi, kazi imekwisha, akaanza hata kufungua kitufe cha shati la duka. Mlango ukafunguka tena. Tajiri alikuwa amejifunga mtandio, mkoba begani, uso umemwishia damu.

“Twendeni nyumbani kwangu, afande,” alisema kwa ile sauti yake ndogo. “Pikipiki ya mdogo wangu iko stoo. Imefunikwa turubai. Asubuhi nilikwenda kuchukua ndoo nikaiona taa imevunjika, nikajiambia kaanguka tu. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi.”

Kumbe naye alikuwa ameogopa.

Pikipiki ya Kitinda ilikutwa kama alivyosema, madigadi ya mbele imepasuka, na kwenye ufa umenasa uzi wa suruali ya mshona viatu. Kitinda mwenyewe alikuwa amekimbilia kwa mjomba wao. Dada yake alimpigia simu mbele ya askari, akamwambia maneno machache tu: “Rudi, mdogo wangu, kabla sijaja mwenyewe.” Akarudi jioni ile, akaingia kituoni ameshikwa mkono na dada yake kama mtoto anayepelekwa shule, akafunguliwa kesi, na baadaye akahukumiwa. Baba Pacha aliachiwa siku hiyo hiyo, na mwokaji akaja mwenyewe kumwomba arudi kazini. Mshona viatu alirudi ng'ambo ya barabara baada ya muda mrefu, na mkongojo, na mguu ambao haukunyooka sawasawa tena. Kinanda alionywa vikali kuhusu maneno ya jana, mkuu wa zamu akamwambia kwamba ameponea chupuchupu, na Kinanda alimwamini.

Kazi hakufukuzwa. Tajiri alisema ubao atausimamia fundi, Kinanda ataongea tu. Lakini miezi kadhaa mama yule hakuweza kumtazama usoni. Akitaka kumtuma kitu, alimtuma mtu amwambie. Kinanda hakumlaumu. Watu wa mtaa nao walipata mchezo mpya: wakimwona wanainua chochote, ndizi, mwavuli, soksi, na kuuliza, “Kinanda, hii rangi gani?” Siku za mwanzo alivuka barabara kuwakwepa. Baadaye akaanza kujibu, “Rangi ya deni lako,” wakacheka wote. Bado aliwakwepa, ila si wote.

Siku moja Baba Pacha aliingia dukani anaisukuma pikipiki yake. Kinanda alikuwa peke yake mbele. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu yale mambo, na Kinanda alisimama akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwomba radhi, ameyapanga kwa wiki nyingi, na yote yakamtoka kichwani.

Baba Pacha aliegesha, akakohoa. “Nataka kubadilisha rangi,” alisema. “Hii watu wakiiona bado wananikazia macho.”

“Ndugu yangu, mimi...”

“Njano unaiona?”

“Njano naiona.”

“Unaiona vizuri? Huichanganyi na kitu?”

“Naiona vizuri.”

“Basi mwambie fundi aipige njano yote, mpaka madigadi,” alisema Baba Pacha, akaweka ufunguo mezani. “Siku nyingine ukinitaja, unitaje sawasawa.”

Uso wake haukuonyesha kama ni utani au si utani. Kinanda hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Aliuchukua ule ufunguo kwa mikono miwili, akaenda uani kumwita fundi.